Konokono Thelathini wa Editha

Jumapili, 9 Machi

Leo imetimia miezi miwili tangu ile simu ya hospitali. Nimerudi kutoka misa ya kwanza, nimekunywa chai ya rangi, nimekaa barazani na daftari hili. Ni moja ya yale aliyokuwa akinunua Editha kwa dazeni. Yaliyobaki ni saba, hayajaandikwa kitu.

Nilikuwa karani wa kuhesabu shehena bandarini kwa miaka thelathini na moja. Meli inashusha magunia, mimi nimesimama na kalamu, nachora vijiti vinne, cha tano nakilaza juu yake. Kila zamu ilikuwa na daftari lake. Sikuwahi kuandika gunia ambalo sikuliona kwa macho. Tangu nistaafu sijaandika zaidi ya jina langu. Sasa nataka kuandika mpaka masika yaishe, kwa sababu kila masika Editha alikuwa akiandika.

Alikuwa mwanangu pekee. Tulimzika akiwa na miaka arobaini na moja, pembeni ya mama yake. Kiharusi, walisema. Asubuhi alikuwa darasani anafundisha, jioni hakuwepo.

Alikuwa daktari, lakini si wa hospitali. Alisomea miili ya wanyama inavyofanya kazi na mahali wanapoishi, na katika wanyama wote wa nchi hii akachagua konokono. Wale wakubwa, kiasi cha ngumi. Alitaka kujua kiangazi wanajifungaje ndani ya gamba, moyo unapunguzaje mapigo, na nani anawaambia kwamba mvua imefika. Masika tisa alishuka bondeni, huku nyuma kuelekea Mto Mzinga, akawaandika namba kwa rangi ya kucha, akawapima uzito, akawatoa tone la damu, akawarudisha palepale alipowakuta. Vijana wa bodaboda hapa Toangoma walimwita Dokta Konokono. Alikuwa anaitika.

Jumatano, 12 Machi

Joto. Hakuna wingu. Mchicha umenyauka.

Jumamosi, 15 Machi

Amekuja Kokushubila, mwanafunzi aliyekuwa chini ya Editha chuoni. Binti wa Bukoba, mrefu, anaongea polepole kama anayechagua mchele. Alikuja siku ya maziko, kisha akasubiri arobaini ipite ndipo aje tena. Alileta sukari na sabuni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Tuliongea habari za njia, za afya, za joto. Mwishowe akasema, huku anaangalia mikono yake, "Baba, nilikuwa nimekuja kwa ajili ya zile sampuli. Zile za kwenye friza. Chumba chetu kipya chuoni kiko tayari tangu Desemba. Nataka nizichukue nimalizie kazi ya Dokta. Ndiyo hiyo hiyo kazi yangu ya shahada."

Nilikuwa naisubiri siku hii. Nilijua itakuja kama nilivyojua masika yatakuja.

Nitaandika hapa kilichotokea, maana kwa mdomo sikukisema.

Editha aliondoka Alhamisi. Ndugu zetu wa Masasi walikuwa njiani, basi lao likaharibika, tukaahirisha maziko hadi Jumapili. Watu walikuwa wamejaa, nyama ilikuwa imeshanunuliwa, na joto la Januari linajulikana. Jirani yangu Bi Chausiku, aliyekuwa mkuu wa jiko, alinifuata kwenye turubai akaniuliza nyama iwekwe wapi isiharibike. Nikasema, chumbani kwa Editha kuna friza. Akasema, "Ina vitu vyake, vichupa vimejaa tele." Nami nikasema maneno haya: "Vitoeni. Mwenyewe hayupo, vinamngoja nani?"

Juu ya mfuniko palikuwa na karatasi, mwandiko wa Editha, wino mwekundu: USIFUNGUE. Nilikuwa nimeiona mara mia. Siku zote nilidhani imewekwa kwa ajili ya watoto wa jirani.

Vichupa vile vilikuwa damu ya masika tisa. Alivileta nyumbani kwa sababu maabara yao ilikuwa inahamishwa jengo. Aliniambia, "Kwako ni salama zaidi, baba." Viliingia kwenye mifuko miwili ya taka, na gari la taka likapita Jumatatu.

Leo Koku aliponiuliza, nikasema, "Umeme, mwanangu. Kabla ya maziko ulikatika siku mbili nzima. Vikayeyuka. Tukavitupa."

Akaomba aione friza. Akachuchumaa, akafungua. Ndani mlikuwa na pakiti za barafu ya ubuyu za Bi Chausiku, anazoziweka hapa. Koku alizitazama muda mrefu. Kisha akafunga mfuniko taratibu, akailaza vizuri ile karatasi iliyokuwa imejikunja pembeni.

"Pole, baba," akaniambia. Yeye akanipa pole mimi.

Jumapili, 16 Machi

Sikwenda kanisani.

Alhamisi, 20 Machi

Leo nimeingia chumbani kwa Editha kufagia, mara ya kwanza tangu wageni waondoke. Chini ya kitanda, nyuma ya viatu, nimekuta sanduku la plastiki lenye matundu. Juu ya mfuniko ameandika: WAMELALA TANGU 14 JUNI. WASIGUSWE NA MAJI MPAKA SIKU YA KUWAPIMA.

Nilifungua kidogo. Konokono, wamepangwa kwenye mchanga mkavu kama mayai. Thelathini, nimehesabu mara mbili. Kila mmoja ana namba nyekundu mgongoni, na mlangoni pa gamba amejiwekea kifuniko cheupe, kigumu, kama ganda la yai. Nilimsogeza mmoja sikioni. Sijui nilitaka kusikia nini.

Miezi tisa bila maji wala jani. Nilifunga sanduku nikaliweka juu ya kabati, kisha nikalishusha nikaliweka juu ya kiti, kisha nikalirudisha juu ya kabati.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua bado. Mawingu yanakuja mchana, yanaondoka na ahadi zake.

Nimekumbuka jambo. Editha alikuwa darasa la tatu. Nilikuwa na tuta la mchicha nyuma ya nyumba yetu ya zamani, na konokono wakawa wanaumaliza. Asubuhi moja nikachukua chumvi ya jikoni nikawamwagia. Wakatoa povu, wakanywea. Editha alikuwa amesimama na sare ya shule, hajafunga vifungo vya nyuma. Akauliza, "Baba, maji yao yameenda wapi?"

Nikamwambia, "Utachelewa shule."

Baadaye alipofaulu kwenda chuo kikuu, nilitegemea atasomea watu. Alipokuja na habari ya konokono, nikamwambia mbele ya mama yake, "Wenzako wanatibu wagonjwa, wewe unatibu wadudu." Akacheka, akasema konokono si mdudu. Akaenda Ulaya miaka mitatu kwenye baridi, akarudi na sanduku la vyombo na kikohozi. Nilikwenda kumpokea uwanja wa ndege. Kitu cha kwanza nilichomuuliza ni kama huko nako kuna konokono.

Bondeni hakunipeleka hata siku moja. Si kweli. Aliniambia twende mara nyingi. Mimi ndiye sikwenda.

Jumamosi, 29 Machi

Koku alikuja tena. Nikamwonyesha sanduku. Alikaa chini sakafuni palepale, akaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Baba, hawa nilijua nao wamepotea. Nilidhani wametolewa na vitu vingine wakati wa msiba." Akawahesabu kwa kidole bila kuwagusa. "Hawa ndio kipimo cha mwisho cha Dokta. Alitaka kujua mwili unafanya nini saa ile ya kuamka. Wakiamka, unatoa damu, unapima, unalinganisha na zile za zamani."

Akakunja kidole. Za zamani hazipo.

Akasema bado kuna kitu cha kuokoa, ila lazima waamshwe siku ambayo vyombo vipo, na vyombo ni vya chuo. Na chuo kimemwita kwenye kamati.

"Wanauliza kwa nini sampuli za miaka tisa ziliachwa kwenye nyumba isiyo na jenereta. Nimewaambia kosa ni langu."

"Kosa lako kivipi?"

"Dokta aliniagiza Desemba nizihamishe. Nikasema nikirudi kutoka sikukuu. Halafu siku ya maziko nilikuwa hapa, baba, nimekaa na kina mama namenya vitunguu, hatua kumi kutoka kwenye friza. Umeme ulikuwepo. Sikufikiria kuuliza kama jana yake ulikuwepo. Sikufungua hata kuangalia." Alipangusa jicho kwa mgongo wa mkono. "Wanaweza kunitoa kwenye utafiti. Uamuzi ni mwisho wa Aprili. Siwalaumu. Mie mwenyewe ningejitoa."

Angefungua siku ile angekuta nyama.

Nilikuwa na nafasi. Alikuwa mbele yangu, nyumba iko kimya. Nikamwambia, "Ngoja nikuletee maji ya kunywa." Nikakaa jikoni mpaka glasi ikatoa jasho mkononi.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Bi Chausiku kaleta pilau na kachumbari. "Baba Editha, kula, mwezi mzima mie nimefunga na wewe Kwaresima yako umefunga, lakini uliyekonda ni wewe peke yako. Mungu wako anakudai nini?" Nilicheka. Sikula sana.

Jumatano, 2 Aprili

Imenyesha. Saa mbili asubuhi, kubwa, ya moja kwa moja. Harufu ya vumbi linalolowa.

Saa nne nikachukua mwavuli nikashuka bondeni peke yangu. Miaka ishirini naishi hapa. Nyumba mpya zimeshuka mpaka karibu na matete. Penye majani yaliyobaki nikawaona, wanatoka chini ya magogo, pembe zao nje, wanatembea kama watu waliotoka kulala mchana. Mmoja alikuwa na namba mgongoni, nyekundu iliyofifia: 112. Nilisimama naye mpaka akaingia kwenye nyasi. Sikujua mtu anatakiwa kumfanya nini. Mwenye kujua hakuwepo.

Nikarudi mbio kuangalia sanduku. Limekauka.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Bati la chumba cha Editha linavuja upande wa dirisha. Nimehamishia sanduku sebuleni.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Sebuleni nako panatoa jasho ukutani. Sanduku liko juu ya meza, nimelifunika kwa koti langu la mvua la bandarini.

Jumapili, 6 Aprili

Nimekwenda kitubio. Nilimwambia padri yote, nyama, mifuko, umeme. Alisikiliza. Akaniuliza, "Huyo binti anajua?" Nikasema hajui. Akasema, "Basi umeniambia mimi, mzee wangu. Mimi sikuwa na vichupa."

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Sanduku kavu.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Sanduku kavu.

Jumamosi, 12 Aprili

Koku alikuja kupiga picha daftari za Editha kwa simu, ukurasa baada ya ukurasa, ili walau uzito na tarehe visipotee. Nilimsaidia kufungua kurasa. Mwandiko wa Editha ni wangu. Saba yake ina mkia kama yangu. Sikuwahi kuliona hilo.

"Daftari zinatuambia uzito," Koku alisema. "Kwamba wale wa karibu na nyumba mpya wanalala muda mrefu zaidi kuliko wale wa kwenye majani, na wanaamka wepesi zaidi. Hilo Dokta alilithibitisha. Ila kwa nini, damu ndiyo ingetuambia."

Chini ya daftari palikuwa na kitabu chenye jalada gumu la buluu, ile kazi aliyoandika kupata udaktari. Kipo nyumbani miaka kumi, kimeandikwa Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha majina ya meli. Koku akakifungua mwanzo, akatabasamu.

"Baba, hapa umeandikwa wewe."

"Mimi?"

"Hujawahi kusomewa?" Akaweka kidole kwenye mstari, akageuza kwa Kiswahili polepole. "Kwa baba yangu, Albano, karani. Kwenye tuta lake la mchicha ndipo nilipouliza swali la kwanza. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kisichoonekana kwa macho hakiandikwi."

Nilimwomba arudie. Akarudia.

 Kisha nikamwambia, "Koku, umeme haukukatika."

Akaniangalia.

"Umeme ulikuwepo siku zote. Nyama ya msiba ilikosa pa kukaa. Mimi ndiye niliyesema vichupa vitolewe. Hakuna aliyenishauri. Bi Chausiku aliniuliza, nikamjibu. Vilikuwa vimeganda vizuri kabisa vilipotolewa."

"Vilikuwa vizima?"

"Vilikuwa vizima."

Aliinuka akaenda dirishani. Nilitaka apige kelele. Mtu akikupigia kelele unapata pa kushika.

"Nilimenya vitunguu vya nyama ile," akasema.

"Ndiyo."

"Baba, mbona umeme? Mbona hukuniambia tu? Ningelia, yangeisha. Kamati imenikalisha kama mwizi kwa ajili ya umeme."

"Umeme hauna uso, mwanangu. Hauoni haya."

Akacheka, kicheko kibaya, kifupi. Akafunga begi lake. Nikamwambia mvua ni kubwa, asubiri kidogo. Akasema, "Sijui nikujibu nini, baba. Naomba nisikujibu leo." Akatoka. Mwavuli wake mpaka sasa uko nyuma ya mlango.

Jumapili, 13 Aprili

Matawi. Nimelileta langu nyumbani nikalichomeka juu ya mlango wa chumba cha Editha.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua. Sanduku kavu. Koku hajapiga.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Nimeandika barua kwa kamati ya chuo, kurasa mbili, kama tulivyokuwa tunaandika ripoti ya shehena iliyoharibika: kitu gani, kiasi gani, wapi, saa ngapi, kwa amri ya nani. Bi Chausiku alikuja kuchukua pakiti zake akanikuta nayo. Nikamsomea. Alikaa kwenye kigoda kwa kishindo.

"Yaani vile vichupa ndo vilikuwa kazi yake? Kazi nzima?"

"Nzima."

"Ee Mola wangu! Mie nikajua maji yenu ya baraka ya kanisani, mmeyagandisha." Alijifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika, sikujua analia au anacheka. Nadhani vyote. "Tena vilikuwa na ubuluu fulani hivi, vizuri. Nikamwambia mwenzangu wa jikoni, Mwajabu, tazama, maji ya baraka ya Wamakonde ni ya buluu."

"Damu ya konokono ni ya buluu ikipata hewa," nikasema. Editha aliniambia hivyo zamani, mezani, tunakula. Nilimjibu apitishe pilipili.

"Sasa mbona humo umejiandika peke yako? Aliyebeba mifuko nani? Niandike na mie. Chausiku, mpishi."

"Wewe uliuliza. Mimi nilijibu."

"Nimesoma mpaka la saba, Baba Editha. Ile karatasi ya USIFUNGUE niliisoma vizuri tu." Akanyanyuka. "Niandike."

Sikumwandika. Lakini alitoa pakiti zake zote, akaipangusa friza ndani na nje kwa maji ya moto na limau, akauacha mfuniko wazi. Barua nimempa mwanawe Nassibu aipeleke Jumanne, chuo kikifunguliwa.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Kiti chake mezani nimekiondoa, kisha nimekirudisha.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua ya leo sijaiona tangu nihamie Toangoma. Ilianza alfajiri. Saa tatu upepo ukanyanyua bati moja la sebuleni, maji yakaingia kama yamefunguliwa bomba. Nilikimbilia sanduku kwanza. Kitanda changu kililowa, redio ililowa, picha ya harusi yangu ililowa. Sehemu kavu ilibaki moja, kona ya korido kati ya choo na jiko. Nikaweka kiti pale, nikavaa koti la bandarini, nikapakata sanduku mapajani, nikalifunika kwa pindo la koti. Hewa yenyewe ilikuwa imelowa, na niliogopa hiyo hewa. Nilikuwa nafungua mfuniko kidogo kila baada ya muda kuangalia vile vifuniko vyeupe. Kimoja kikilegea tu, kila kitu kinaanza bila vyombo, bila Koku.

Nilikaa hivyo tangu saa tatu mpaka saa kumi. Nilikuwa naongea nao. Niliwaambia bado, bado kidogo.

Mara ya mwisho kukaa kiti kimoja saa nyingi hivyo na kitu mapajani ni Editha alipokuwa na surua. Alikuwa na miaka minne. Mama yake alikuwa zamu. Nilikuwa najua kukaa. Sijui ni lini niliacha.

Saa kumi Bi Chausiku alipita kwenye maji, kanga imefungwa magotini. Alisimama mlangoni akanitazama.

"Baba Editha, unalea mtoto gani huyo?"

Nikamwambia, thelathini.

 Akaenda kumwita Nassibu apande juu afunge bati.

Jumatano, 23 Aprili

Ujumbe wa Koku kwenye simu: "Shikamoo baba. Barua imefika. Konokono wakoje?"

Nimejibu: "Wakavu wote 30."

Jumamosi, 26 Aprili

Amekuja na gari la chuo, dereva, na masanduku matatu ya vyombo. Alinisalimia. Nilimpa mwavuli wake.

"Kamati wameisoma barua," akasema. "Wamenipa mwaka mmoja. Nianze upya na hawa, na wale wa bondeni. Zile za zamani ndo basi. Hakuna atakayejua tena damu ya masika tisa yale ilikuwa inasema nini. Wale wa mwanzo alioandika namba, wengi walikuwa upande uliojengwa. Hawapo."

"Najua."

"Na baba, nikwambie ukweli. Bado nina hasira. Nimekuja kwa ajili ya Dokta."

"Njoo hivyo hivyo," nikamwambia.

Tuliwapanga kwenye trei barazani. Kila mmoja alipimwa akiwa mkavu. Koku alisoma mizani, mimi niliandika. Aliponipa daftari la Editha, ukurasa uliofuata baada ya wake wa mwisho, nilitaka kukataa. Akasema, "Saba zenu zinafanana. Andika."

Kisha akachukua chupa ya kupulizia, ile ya kinyozi, akaanza kuwanyunyizia. Tukakaa. Dereva alikuwa anacheka chinichini. Baada ya dakika arobaini kifuniko cha namba 14 kikapata ufa, kikalegea, kikadondoka. Nyama nyeusi ikasogea nyuma yake. Pembe moja ikatoka, kisha ya pili, ikageuka huku na huku kama anayeuliza hapa wapi. Dereva aliacha kucheka.

"Saa tano na dakika kumi na mbili, namba kumi na nne," Koku akasema.

Niliandika.

Kila aliyeamka alimtoa tone kwa sindano nyembamba. Niliona mwenyewe. Linatoka kama maji, halafu taratibu linashika buluu, buluu ya alfajiri. Kumbe lilikuwa zuri hivi. Damu ya miaka tisa ilikuwa ndani ya nyumba yangu.

Hadi saa kumi na moja waliamka ishirini na tano.

Jumatatu, 28 Aprili

Wawili zaidi. Ishirini na saba. Koku analala kwa Bi Chausiku, wanapigana vijembe mpaka jikoni kwangu nawasikia. "Nyie wa Bukoba mnakula senene halafu konokono mnamwonea huruma!" "Shangazi, senene hana namba mgongoni."

Alhamisi, 1 Mei

Namba 21 na namba 26 wameanza kunuka. Koku aliwafungua, akatikisa kichwa, akachukua kalamu akaandika neno mwenyewe. Nilimwachia. Mkono wangu ulikuwa mfukoni.

Namba 8 hanuki. Ni mzito, kifuniko chake kizima. Koku anasema wapo wanaochelewa. Zinahesabiwa siku kumi tangu maji ya kwanza, kisha unafunga mstari wake daftarini. Amerudi chuoni na vichupa vipya. Ameniachia namba 8, chupa ya kupulizia na daftari.

Jumamosi, 3 Mei

Namba 8: bado.

Jumanne, 6 Mei

Siku ya kumi. Namba 8: bado. Sikufunga mstari.

Alhamisi, 8 Mei

Koku alileta ripoti yake niione kabla hajaipeleka. Penye sababu ya kupotea sampuli alikuwa ameandika kwamba zilipotea katika mazingira ya msiba. Nikamwomba anipe kalamu. Akauliza, "Niandike hivyo kweli, baba? Itabaki humo daima, wageni wataisoma." Nikamwambia akiandika vingine hatakuwa mwanafunzi wa Editha. Tukaandika pamoja: zilitolewa kwenye friza tarehe 10 Januari, kwa agizo la baba wa mtafiti, ili kuhifadhi nyama ya waombolezaji. Nikatia saini pembeni.

Alipokuwa anaondoka alisimama kwenye tuta. Mvua imepungua, mchicha umerudi, na konokono watatu walikuwa wanautafuna. Bi Chausiku akapaza sauti kutoka uani kwake: "Baba Editha, wanamaliza mboga hao! Una chumvi au nikuletee?"

"Ninayo," nikamjibu. "Waache wale."

Koku aliniambia wiki ijayo anashuka bondeni, kama nina viatu vya mvua. Ninavyo.

Ijumaa, 9 Mei

Miezi minne. Asubuhi kavu, jua la upole, nadhani masika yameaga.

Nimemtoa namba 8 barazani. Siku ya kumi na tatu. Nilimnyunyizia, nikasubiri saa nzima, nikamnyunyizia tena. Nikamwinua sikioni kama siku ile ya kwanza. Kisha nikagusa kifuniko chake kwa ukucha, kikaanguka chenyewe, na ndani hamkuwa na kitu cha kusogea. Amekauka mbali kabisa, ndani ya gamba. Huenda ilikuwa hivyo tangu zamani, hata kabla sijalipata sanduku, na siku ile ya mvua nilikuwa nimempakata hivyo hivyo.

Nimefungua daftari la Editha kwenye mstari wake. Nimeangalia tena kwa macho yangu, nikahakikisha. Kisha nimeandika, kwa mwandiko wa wazi kama wa bandarini:

Namba 8. Amekufa.

Neno hilo sikuwa nimeliandika popote tangu Januari.